Mtoto Mchanga Aitapo, Aitikiwe

Mwezi huu twataka kunena habari za watoto wadogo kabisa, wale wasiojua bado kutamka neno. Katika nyumba nyingi hudhaniwa kwamba mtoto wa umri huo ana haja tatu tu: kunyonya, kulala na kuoshwa. Mama asemaye na mwanawe wa majuma mawili huchekwa; watu humwuliza, "Wasema na nani? Huyu asikia nini?" Sisi twajibu kwamba asikia, tena aona, tena angoja jibu. Na mtoto asiyepata jibu siku nyingi hupungukiwa na kitu ambacho si rahisi kukirudisha baadaye.

Tuanze na jicho. Mtoto aliyezaliwa jana huona vitu vya mbali kama katika ukungu. Kilicho karibu, sentimita 20 hadi 30, yaani shibiri moja au kuzidi kidogo, ndicho akionacho vizuri zaidi. Pimeni mtaona: ni umbali uliopo kati ya titi na uso wa mama. Mwaka 1963 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Fantz, alieleza jinsi alivyowaonyesha watoto wasiotimiza siku 5 miviringo sita. Mmoja ulichorwa uso wa mtu, wa pili ulichorwa duara ndani ya duara, wa tatu ulikuwa kipande cha gazeti. Mitatu iliyobaki ilikuwa ya rangi tupu, mweupe, wa manjano na mwekundu. Watoto walitazama zaidi yenye michoro kuliko ya rangi tupu, na uso ndio uliotazamwa kupita yote.

Sikio nalo halikulala. Mwaka 1980 wataalamu wawili, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wachanga chuchu ya mpira, wakaipanga kazi hivi: mtoto akinyonya kwa namna moja, alisikia sauti ya mama yake, akinyonya kwa namna nyingine, alisikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto walijifunza upesi kunyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama.

Basi, kuona na kusikia peke yake hakutoshi. Sisi sote twajua ngoma zetu zilivyo: mwimbishaji huanza, wenzake huitikia. Akikosa waitikiaji, hata awe na sauti nzuri namna gani, wimbo hufa. Mtoto mchanga ndiye mwimbishaji wa nyumba. Akilia, akiguna, akitabasamu, akinyosha mkono, ameanza wimbo wake. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake waliandika habari za akina mama waliocheza na watoto wao wa miezi michache, kisha wakaambiwa wanyamaze na kuukaza uso, bila kucheka wala kusema. Watoto walijaribu kumrudisha mama: wakamtazama, wakatabasamu, wakaashiria kwa mikono. Jitihada hizo zilipokosa jibu, waligeuza uso, wakanywea.

Hatusemi haya ili kuwatia hofu akina mama wenye kazi nyingi. Hapana mama awezaye kuitika kila mara, wala mtoto haharibiki kwa kungoja kidogo. Lililo baya ni ukimya wa daima. Pengine mama mwenyewe ameshikwa na huzuni nzito baada ya kujifungua, hana nguvu hata ya kumtazama mtoto. Huo ni ugonjwa, si uvivu. Apelekwe kwa mganga wa hospitali, na wakati huo baba, bibi au shangazi wamsaidie kumwitikia mtoto.

Je, kwa njia gani? Hapa ndipo sanaa ndogo za nyumbani zinapofaa, nazo hazihitaji fedha.

Kwanza, wimbo. Mwimbieni mnapomwogesha na kumvika, kwa sauti ya taratibu. Kisha nyamazeni kidogo. Akitoa sauti, irudieni sauti yake, naye atajua kwamba amesikiwa.

Pili, picha. Chukueni karatasi nyeupe ngumu, mchore kwa rangi nyeusi uso, duara au mistari minene, mmwonyeshe kwa umbali wa shibiri moja na kitu. Akitazama, mtajieni jina lake. Akigeuza macho, iondoeni. Kugeuka nako ni jibu, maana yake amechoka.

Tatu, kayamba. Tieni mbegu chache katika chupa ndogo safi, mkifunge kifuniko barabara, kwa maana mbegu ikitoka yaweza kumpalia. Tikiseni upande huu, mngoje ageuke; kisha upande wa pili. Msimwache nayo peke yake.

Lakini simu yenye picha zitembeazo isihesabiwe miongoni mwa hizo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka 1 asiwekwe mbele ya picha za namna hiyo. Simu huimba, lakini haimwitikii mtoto.

Pengine mtu atauliza, "Mambo madogo hivi yadumu?" Na asikie habari za Kingston, nchi ya Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 waliodumaa kwa utapiamlo, wenye miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila juma kwa muda wa miaka 2 na wahudumu wa afya wa mitaa. Wahudumu walileta vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono na vitabu vya picha, wakawafundisha akina mama kucheza na watoto, kusema nao na kuwasifu. Habari zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha kwamba watoto hao, walipokuwa watu wazima, walipata mshahara uliozidi kwa asilimia 25 ule wa wenzao waliodumaa vilevile bila kupata mafundisho hayo.

Wala hatusemi kwamba wimbo watosha badala ya chakula. Mtoto ahitaji maziwa ya mama, chanjo, usafi na usalama. Kuitikiwa huenda pamoja na hayo, wala hakushindani nayo.

Basi, akina baba, msingoje hata mtoto ajue kusema ndipo mseme naye. Nanyi waalimu, wafundisheni wasichana na wavulana wakubwa kuchora picha hizo na kutengeneza kayamba, wawapelekee wadogo wao. Leo jioni, mtoto atakapoguna mkekani, mmoja wenu aache kazi yake kidogo, ainame, amwitikie.