Sayansi Ifike Barazani

Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ambayo mamlaka ya mazingira, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power mwaka 2016 ili ijenge kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu. Wengi wanaikumbuka hukumu hiyo kama ushindi wa wapinga makaa. Kwa anayeandika sayansi kwa ajili ya umma, mna ndani yake somo kuhusu kazi yake mwenyewe. Utafiti wa athari za mradi ulikuwapo na ripoti ilikuwapo. Sababu kubwa iliyoiangusha leseni ni kwamba mikutano iliyofanywa pamoja na wananchi ilikuwa ya utangulizi tu, iliyoitishwa kabla matokeo hayajapatikana. Yalipopatikana, watu wa Lamu hawakuelezwa ipasavyo madhara yanayotarajiwa wala njia za kuyapunguza. Na Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 zilidai angalau mikutano 3 ya hadhara ya kueleza mradi na athari zake. Ninashikilia, basi, kwamba kueleza ni sehemu ya sayansi yenyewe: matokeo ambayo hayajamfikia anayehusika, kwa lugha yake na kabla uamuzi haujapita, ni kazi ambayo haijakwisha.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Katika mjadala kuhusu kituo kile ilitajwa mara nyingi takwimu ya megawati 1,050. Ikiachwa peke yake, haimwambii kitu mtu wa Faza au Siyu huko Lamu. Ikilinganishwa hupata uzito: wakati ule mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya yalikuwa hayajafika megawati 2,000, kwa hiyo kituo kimoja kilikusudiwa kuweza kuzalisha zaidi ya nusu yake. Hapo msomaji ataweza kuuliza mwenyewe umeme huo ungekwenda wapi na nani angeulipia. Zebaki nayo haitoshi kuorodheshwa miongoni mwa sumu za moshi wa makaa. Safari yake ni lazima ifuatwe hatua kwa hatua. Hutoka kwenye dohani ikiwa mvuke, ikashuka na mvua, ikaingia katika tope la mikoko ambamo oksijeni ni haba. Humo bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo viumbe huipokea upesi na kuitoa polepole. Kidudu akiliwa na dagaa, na dagaa akaliwa na samaki mkubwa, kiasi huzidi kila hatua, hata nguru na papa wakawa na zebaki nyingi mno kuliko maji wanamoogelea. Anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mama anayekula samaki hao. Sumu hiyo ndiyo iliyoleta maafa ya Minamata, Japani, yaliyotambuliwa mwaka 1956. Lakini mwandishi mwaminifu ataongeza papo hapo kwamba kule kiwanda cha kemikali kiliimwaga moja kwa moja baharini, na kwamba kituo cha makaa huitoa kidogo kidogo, tena vichujio vinaweza kupunguza sehemu yake. Bila nyongeza hiyo, mfano wa Minamata ungebaki kitisho tu.

Kuna wanaosema Kiswahili hakina msamiati wa kubeba mambo haya. Lakini Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kabla ya kamusi hiyo, watu wa visiwa vya Lamu walikuwa na msamiati wao. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na mkata boriti hasemi tu "mikoko". Anatofautisha mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Anajua kuwa mlilana husimama mbele ukikabili bahari, na mkandaa hurudi nyuma kuelekea nchi kavu. Mpangilio huo ndio ambao wanaikolojia huupima kwa kamba na daftari. Ni kweli majina hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na mti mmoja waweza kuwa na mawili au matatu. Dawa yake ni kuandika jina la kisayansi mara moja kando ya la wenyeji, Bruguiera gymnorrhiza kando ya muia, kisha kuendelea na lile ambalo msomaji analijua.

Pingamizi zito zaidi linadai kwamba kurahisisha ni kupotosha. Hatari hiyo ipo, na namna ya kuikabili ni mwandishi kusema wazi kiasi, kipimo na mpaka wa kile kinachojulikana, kisha kuwaachia wasomaji mlango wa kumsahihisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu hawa huipanga kazi yao kwa kusi na kaskazi, kwa bamvua na maji mafu. Atakayeandika jinsi tope lililotibuliwa na uchimbaji wa bandari linavyozuia mwanga usiyafikie majani ya bahari na matumbawe, awaulize kwanza maji yalianza kuchafuka wapi, na katika msimu gani. Majibu yao nayo yapimwe, kwa maana samaki wanaweza kupungua kwa sababu nyingi kwa pamoja, zikiwamo joto la bahari na nyavu za matundu madogo. Na mwandishi akikosea, marekebisho yaandikwe pale pale kosa liliposomwa, si pembeni ambako hayaonekani.

Wapo pia wanaohofu kwamba kuueleza umma hatari za mradi ni kuchochea watu na kuchelewesha maendeleo. Mfano wa Kwasasi unaonyesha kinyume. Maelezo yaliyokosekana hayakuuharakisha mradi. Yaliwafikisha wahusika mahakamani na leseni ikapotea. Tena maelezo kamili humsaidia hata anayeutaka mradi, kwa kuwa ndani yake zimo pia ajira zinazotarajiwa, vichujio vitakavyofungwa na mahali majivu yatakapohifadhiwa. Kinachomchochea mtu ni kugundua baadaye kwamba jambo linalohusu samaki wake na pumzi yake lilijulikana, naye hakuambiwa.

Kwa hiyo mtafiti na mwandishi wanapaswa kwenda Lamu mara 3: kabla ya utafiti, kuuliza watu wanataka kujua nini, utafiti ukiendelea, kuonyesha kinachopimwa, na matokeo yakishapatikana, kuyaeleza yote pamoja na yale yasiyopendeza. Safari ya tatu ndiyo iliyokosekana, na ndiyo inayogharimu muda zaidi. Ifanyiwe kwenye baraza za mawe za nyumba za Lamu, ambako habari zimezoea kusemwa, kubishaniwa na kupimwa, na mtafiti akae hapo mpaka maswali yaishe.