Zimamoto Wasiozima Moto

Ukipita mtaa wa Greenwich Village jijini New York, katika barabara ya West 3rd, nambari 84 utaiona kwenye jengo jembamba la matofali mekundu lililojengwa mwaka 1906. Mlango wake mpana wa magari utakufanya udhani ni kituo cha zimamoto. Lakini juu ukutani kimechongwa kichwa cha Mercury, mungu wa biashara wa Warumi wa kale, na hapo ndipo penye siri ya jengo. Askari waliolala humo hawakuajiriwa na jiji, wala kazi yao haikuwa kuzima moto. Waliajiriwa na kampuni za bima ili waokoe mali isiharibiwe na maji ya wale wanaouzima.

Kikosi kiliitwa Fire Patrol, na hiki kilikuwa kituo chake namba 2.

Kwa nini bima igharamie askari wake? Mpira mmoja mkubwa wa zimamoto waweza kumwaga lita zipatazo 900 kwa dakika, sawa na karibu tani moja ya maji. Moto ukiwaka ghorofa ya tano, huenda ukateketeza chumba kimoja tu, ila maji yatashuka hadi ghala la chini na kulowesha majora ya hariri, makoti ya manyoya na marobota ya karatasi. Kwa kawaida mkataba wa bima ya moto huhesabu pia hasara inayoletwa na maji ya kuzimia. Kila jora lililolowa lilikuwa fidia ya kulipwa.

Basi kengele ikilia, vikosi viwili vilitoka. Zimamoto wa jiji walipanda na mipira yao kuufuata moto. Fire Patrol, wenye kofia ngumu nyekundu, waliingia ghorofa za chini yake. Walisogeza bidhaa zikakaa pamoja, wakazifunika kwa maturubai makubwa, kisha wakayafagia na kuyapampu maji yaliyotuama kabla sakafu haijaelemewa. Moto ulipozimika, waliziba matundu ya paa ili mvua isije kumalizia kilichosalia.

Mwanzo wa kazi hii ni mwaka 1803, wakati watu wa kujitolea walipounda chama cha kukimbilia kwenye moto na mifuko, wakijaza vitu vya wenye nyumba na kuvitoa nje. Kisha ukaja moto mkubwa wa usiku wa Desemba 16, 1835. Baridi ilikuwa kali hata maji yakaganda ndani ya mipira, na majengo karibu 700 ya Manhattan yakaangamia. Kati ya kampuni 26 za bima ya moto za jiji, 23 zilifilisika. Zilizobaki na zilizoanzishwa upya zilijifunza: mwaka 1839 zikaanza kulipa walinzi wao wenyewe. Jiji lilikuja kuwa na zimamoto wa mshahara mwaka 1865 tu.

London, Liverpool na Glasgow nazo zilikuwa na vikosi vya namna hii, vyote vikavunjwa mwaka 1984. New York iliendelea. Septemba 11, 2001, Keith Roma, askari wa kituo namba 2, alifariki akiokoa watu katika majengo ya World Trade Center.

Mwaka 2006 kampuni za bima zilipiga hesabu zikaona gharama ya kikosi imezidi faida yake, zikakivunja. Jengo likauzwa, likawa makazi ya mtangazaji Anderson Cooper, aliyeuhifadhi uso wa mbele wa jengo hilo. Kazi ya kutandaza maturubai nayo imebaki mikononi mwa zimamoto wenyewe, watu walewale wanaoshika mpira wa maji.