Kombeo na Bega: Maneno na Maungo katika Urushaji wa Mpira kwa Wasichana wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Vitenzi vya Kiswahili vyenye maana ya kukitoa kitu mkononi na kukipeleka mbali ni vingi, wala havilingani. Atupaye huenda asijali kitu kitaangukia wapi. Ndiyo maana taka hutupwa, na mtu aliyeachwa na jamaa zake husemwa kwamba wamemtupa mkono. Arushaye hukifanya kitu kiruke, maana rusha ni ruka iliyotiwa kiambishi cha kusababisha, na kuruka ni tendo la ndege kama lilivyo tendo la mtoto avukaye mfereji. Avurumishaye ana nguvu kuliko shabaha. Apopoaye maembe ana kitu juu ya mti anachotaka kukiangusha, na afumaye amekwisha kukipata alichokilenga. Mtu aliyekulia Kilwa Kivinje au Mchinga hana haja ya kufundishwa tofauti hizi. Lisiloangaliwa mara nyingi ni kwamba kila kitenzi hubeba pia mwendo wake wa mwili, na kwamba anayemwamuru msichana "tupa!" na anayemwamuru "rusha!" huenda wakapata matendo mawili yasiyofanana.

Jambo hili limepata uzito tangu softiboli kuingia Tanzania. Mchezo huo ulianza Chicago mwaka 1887, ukichezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, na kwa wasichana na wanawake umekuwa ndugu wa besiboli. Katika miaka ya 2010 besiboli ilisimamishwa nchini kwa juhudi za Watanzania na Wajapani, na mwaka 2018 uwanja wake ulikamilika katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Softiboli ilifuata nyuma yake. Sheria inayoitenga na besiboli ni moja kubwa: mrushaji hana ruhusa ya kuutoa mpira kwa juu ya bega. Mkono hupita chini, ubavuni mwa paja. Mwalimu wa michezo wa Kilwa au Lindi atakayeupokea mchezo huu hatamkuta msichana asiyejua kurusha. Atamkuta anayejua, tena vizuri, ila kwa namna nyingine.

Namna hiyo imetoka katika rede. Wachezaji wawili husimama wakikabiliana, mmoja huku na mmoja kule, na wa tatu hukaa kati, akiukwepa mpira wanaourusha kwa kumlenga yeye. Mpira hufungwa kwa matambara, soksi kuukuu, karatasi au mifuko. Mahali pengine aliye kati huwa na chupa ya kujaza mchanga huku akikwepa, na mchanga ni kitu ambacho pwani hii haikukosa kamwe. Unguja wana nage, jamaa ya karibu ya mchezo huu. Rede humpa msichana jicho: hujifunza kutazama kiuno cha mwenziwe, si uso wake, kwa kuwa uso huweza kudanganya na kiuno hakiwezi. Humpa pia wepesi wa kuachia. Lakini haimpi miguu. Mpira wa soksi ni mwepesi, umbali ni mfupi, na anayekawia kujipanga humpa aliye kati nafasi ya kukwepa. Kwa hiyo mkono hufanya kazi peke yake, kwa mrusho wa ubavuni au wa juu ya bega, na nyayo hubaki palepale. Mazoea hayo si mabaya katika rede. Ubaya wake huonekana yanapohamishiwa kwenye mpira mzito zaidi, unaopaswa kwenda mita 10.67 kwa wasichana wadogo, na mita 13.11 kwa wanawake.

Mrusho wa softiboli huanzia miguuni. Mrushaji, tuseme ni wa mkono wa kulia, husimama nyayo zikigusa kibao, mikono miwili ikikutana juu ya mpira mbele ya tumbo. Uzito hurudi nyuma kidogo. Kisha mguu wa kulia husukuma ardhi, na wa kushoto hupiga hatua ndefu kumwelekea mdakaji. Wakati huohuo mkono wa kulia hupanda kwa mbele, hupita karibu na sikio, huteremka kwa nyuma, na kuukamilisha mduara pembeni mwa paja. Ufikapo juu kabisa, kifua na nyonga huwa vimekwisha kugeukia upande, kana kwamba mrushaji anapita katika mlango mwembamba. Uteremkapo, nyonga hurejea mbele, na mguu wa kushoto uliokwisha kukanyaga husimama imara na kuuzuia mwili usizidi kwenda. Nguvu iliyozuiwa hapo haina pa kwenda ila juu: hupanda kiunoni, hupita begani, hushuka katika kigasha na kuishia vidoleni. Mpira huachiwa karibu na nyonga. Yote hayo hayachukui hata sekunde moja.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mrusho wa chini ni wa asili ya mwili na hauwezi kuumiza. Mwaka 2007, shirika la Little League la Marekani lilipoanza kuwawekea wavulana wa besiboli kikomo cha idadi ya mirusho, wasichana wa softiboli walibaki wakihesabiwa vipindi tu. Vipimo, walakini, havikuiunga mkono dhana hiyo. Uchunguzi wa Barrentine na wenzake uliochapishwa mwaka 1998, na ule wa Werner na wenzake wa miaka iliyofuata, ulionyesha kwamba mkono unapoteremka, nguvu inayotaka kuuchomoa mfupa katika tundu la bega hufika kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa mrushaji mwenyewe. Msichana wa kilo 40, basi, hushikilia begani mvuto wa kama kilo 32 kila arushapo. Mwaka 2009 Rojas na wenzake waliipima tafu ya mkono, yaani ule msuli unaotuna mbele ya mkono wa juu, wakakuta kwamba katika mrusho huu hufanya kazi kubwa kuliko katika mrusho wa juu. Katika Olimpiki ya Beijing ya 2008, Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 katika michezo mitatu ya siku mbili, na taifa lake likatwaa dhahabu. Hilo ni tendo la kusifiwa. Lakini alilitenda mtu mzima wa miaka 26 ambaye mwili wake ulikuwa umezoezwa kwa miaka mingi, wala halifai kuwa kipimo cha mtoto wa darasa la sita.

Sasa mrusho huu uitweje? Waingereza na Wamarekani wameufananisha na kinu cha upepo. Tafsiri ya neno kwa neno haitamfaa msichana wa Lindi, kwa maana pwani haikusaga nafaka kwa upepo, na kinu anachokijua yeye ni cha kutwangia. Aliye hodari wa kamusi ataleta kititia, kile kichezeo cha majani ya mnazi kinachozungushwa na upepo. Neno ni zuri, tena ni la watoto, lakini lina kasoro kubwa: kititia huzunguka pasipo kuachia chochote, na huzungushwa na nguvu isiyo yake. Mwenye kukiwaza kititia atauzungusha mkono tu. Ndilo kosa linaloonekana zaidi kwa wanaoanza. Mkono hukimbia, na mwili umesimama ukiutazama.

Neno lililo karibu zaidi na tendo lenyewe ni kombeo, ambalo wengine huliita teo. Kombeo ni kamba yenye kikoba katikati. Ncha moja hufungwa kidoleni, nyingine hushikwa. Jiwe hutiwa kikobani, huzungushwa, na ncha iliyoshikwa huachiwa mahali pamoja tu pa mduara. Chombo hiki ni cha waamiao ndege mashambani, na katika bara la nyuma ya Kilwa na Lindi, panapolimwa mpunga na mtama, kuamia ni kazi ya watoto wa kike na wa kiume. Katika kombeo kamba haina nguvu yoyote. Nguvu ni ya mwili, na kamba huipeleka tu. Mwenye kuikaza mkononi hulipoteza jiwe. Mwenye kuiachia mapema hulipiga chini mbele yake, na mwenye kuchelewa hulipeleka juu. Makosa ya mrushaji wa softiboli ni hayohayo. Msichana anayeambiwa kwamba mkono wake ni kamba ya kombeo, na kiganja chake ni kikoba, amekwisha kuambiwa mengi: mkono uwe mlegevu, mduara uwe mmoja usioyumba kando, nguvu itafutwe penginepo.

Pana pingamizi linalostahili kusikilizwa. Vijana wengi wa leo wanaijua zaidi manati kuliko kombeo, na wapo wanaovichanganya viwili hivyo. Manati ni panda ya mti iliyofungwa mipira miwili. Huvutwa nyuma, huachiwa, na kitu huenda mbele moja kwa moja. Hakuna mduara. Ikiwa msichana ataielewa kombeo kuwa ni manati, atauvuta mkono nyuma na kuurudisha mbele, na huo ni mrusho mwingine kabisa, nao umo katika softiboli na una haki ya jina lake; pengine uitwe mrusho wa pembea, kwa kuwa mkono huenda nyuma na kurudi kama kitu kilichotundikwa. Dawa ya mchanganyiko huu si kuliacha neno kombeo, bali kuileta kombeo yenyewe uwanjani. Kipande cha kamba ya katani, na katani haikuwa ngeni Lindi, chatosha kwa somo la dakika tano.

Baada ya jina la mrusho huja majina ya maungo, na hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu zaidi. Mkono ni neno moja kutoka begani hadi vidoleni. "Nyoosha mkono" huweza kutiiwa kwa namna nyingi. Kiwiko ni tatizo kubwa kuliko hilo: leo, kwa watu wengi, ni pale mkono unapokunjika katikati, lakini kamusi za zamani huliweka neno hilohilo kwenye kifundo kinachounga kiganja na kigasha, na kiwiko cha mguu ni kifundo cha mguu. Kisigino nacho, kilicho leo cha mguu, kiliwahi kutumika kwa mkono pia. Mwalimu akisema "kunja kiwiko unapoachia," mwanafunzi mmoja atakipiga kifundo, jambo linalotakiwa, na mwingine ataukunja mkono katikati na kuubeba mzigo wote kwa tafu, jambo linaloumiza. Yafaa kusema kifundo cha mkono, au kulifufua kilimbili, neno lililo katika kamusi na ambalo halina maana ya pili. Na kwa katikati ya mkono, pale ambapo kiwiko kinatia shaka, kisugudi.

Kadhalika na bega. Mazoea mabaya zaidi kwa msichana aliyetoka kwenye rede ni kuinama upande wa mkono unaorusha ili kuupa mpira njia, na bega likatangulia kabla ya nyonga. Kumwambia "tumia nguvu" humzidishia kosa, kwa kuwa nguvu, katika masikio yake, hukaa begani. "Sukuma ardhi" ni amri bora. Vilevile mfano wa mchi: mwenye kutwanga anajua kwamba mchi hauinuliwi kwa mikono mitupu, na kwamba aliyetwanga kwa mabega peke yake hamalizi pishi moja. Mvuvi wa kimia naye, asimamapo majini, hugeuka kiuno kwanza, na wavu hufuata.

Limebaki suala la maumivu, ambalo nalo ni la lugha. Adabu ya pwani huweka jibu kabla ya swali. Mwalimu akiuliza, "Hujambo mkono, mwanangu?" jibu ni "Sijambo, mwalimu," hata kama bega linawaka moto, kwa sababu hujambo ni salamu na salamu haijibiwi kwa malalamiko. Akiuliza, "Umechoka?" ataambiwa "Kidogo," na kidogo ya msichana mbele ya mkubwa wake haina kipimo. Swali lenye kujibika ni lile linalotaja mahali: linauma mbele ya bega au nyuma? Mkono ukipanda au ukishuka? Anayeonyesha kwa kidole mbele ya bega, pale tafu ya mkono inapoanzia, apumzishwe siku hiyo hata kama mchezo haujaisha.