Mlio wa Masikioni Wakati wa Sala



Mzee mmoja wa usharika wetu alinijia jioni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, niombapo alfajiri, nasikia masikioni mlio kama wa nyenje. Je, ni Mungu aniitaye, au ni pepo?" Nikamjibu, "Baba, hata mimi nausikia." Akashangaa sana.

Sisi tukaao milima ya Lushoto twaujua ukimya wa alfajiri, ukungu unapofunika mashamba. Ndipo mlio huo usikikapo. Mwaka 1953 wataalamu wawili huko Marekani, Heller na Bergman, waliwaketisha watu wazima 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichoingia sauti. Asilimia 94 yao walisikia mivumo na milio, wala hawakuwa wakiomba.

Tena wazee waliomeza kwinini waliujua. Dawa hiyo ya malaria hutoka katika gome la msinkona, mti uliopandwa Amani, Usambara Mashariki, katika kituo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Aliyeimeza, masikio yake yalivuma. Dawa ilipomtoka, kwa kawaida mvumo nao ulikoma. Hakusema kwamba malaika amekuja akaondoka.

Huko Bara Hindi wako watu waliofanya mlio wa ndani kuwa njia ya ibada. Huketi kimya na kuusikiliza, wakiuita sauti isiyogongwa na kitu. Sitawacheka, kwa maana mlio waweza kumtuliza mtu. Lakini kutulizwa ni jambo moja, na kutumwa ni jambo jingine.

Nami nalikosa katika jambo hili. Nilipokuwa kijana naliupenda mlio ule, nikauhesabu kuwa neema yangu peke yangu. Asubuhi moja mama yangu, akiwa na homa, aliniita mara mbili nimpe maji. Nalimsikia, lakini sikuondoka, nikiogopa kuupoteza. Mdogo wangu ndiye aliyempa maji. Mama hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, huyo uliyekuwa naye hakukuambia kwamba nina kiu?" Neno hilo nalisikia hata leo kuliko mlio wowote.

Basi mkumbukeni Eliya pale Horebu. Ile sauti ndogo ya utulivu haikumwacha akae pangoni. Ilimwuliza afanyacho hapo, kisha akarudishwa kwa watu na kazi. Naye Samweli alipoitwa usiku hakujiamulia mwenyewe, bali alimwendea mzee Eli hata mara tatu.

Kwa hiyo, ukiusikia mlio, usiogope wala usijisifu. Endelea na sala yako. Ukiwa katika sikio moja tu, au ukija pamoja na kizunguzungu au uziwi, mwone daktari. Na mtu akisikia maneno yamwamuruyo kujidhuru au kudhuru wengine, msimfiche nyumbani wala msimpige. Mpelekeni hospitali upesi. Hapa Usambara, Lutindi, palipoanzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, pamekuwa baadaye mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili.

Yule mzee aliponyamaza kidogo, mjukuu wake alimwita kutoka njiani, kwa kuwa giza lilikuwa likiingia. Akainuka mara, akacheka, akasema, "Mwalimu, hiyo nimeisikia." Akaenda zake.