Kumpima Kipa wa Futsali kwa Haki

Jioni katika viwanja vya Mnazi Mmoja, kandokando ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, timu ikifungwa, wa kwanza kulaumiwa ni kipa. Katika futsali, mchezo wa wachezaji 5 kila upande, lawama hiyo huwa nzito zaidi, na mara nyingi si ya haki.

Penalti ya futsali hupigwa umbali wa mita 6. Mpira wenye mwendo wa kilomita 72 kwa saa hufika langoni kwa sekunde 0.3, ilhali jicho na ubongo huhitaji takribani sekunde 0.2 kabla ya misuli kuitika. Ndiyo maana kipa hodari husoma nyonga na mguu wa mpigaji mapema.

Idadi ya mabao pekee hupotosha. Aliyekabili mashuti 20 yaliyolenga lango akafungwa 4 ameokoa asilimia 80. Aliyekabili 4 akafungwa 2 ameokoa asilimia 50 tu.

Mwalimu na aandike mashuti, umbali wake, na pia maumivu ya vidole, kiwiko na goti. Asilimia ikishuka, huenda kijana ameumia, wala hakuzembea.