Theluji ya Mlima Kenya: Majira ya Kupanda na Majira ya Kungoja

Asubuhi, mawingu yasipokuwapo, mkulima wa mpunga wa Mwea huviona vilele vya Mlima Kenya upande wa kaskazini. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, ambayo humwagilia mashamba yake, hutoka katika mlima huo. Lakini kuutazama mlima ni jambo moja, na kuupanda ni jambo jingine. Kila apandaye yampasa kwanza kujua majira.

Katika nchi za Ulaya, Machi ni mwezi ambao baridi huanza kwisha na theluji kuyeyuka, na watu wengi hufurahi kutembea milimani. Katika Mlima Kenya mambo ni kinyume. Machi huleta masika, na mvua inyeshayo Mwea huanguka kileleni kuwa theluji. Theluji hiyo huficha njia pamoja na mawe yaliyolegea, na ukungu humzuia mtu asione hata hatua chache mbele yake. Miezi ifaayo ni Januari na Februari, na tena Julai mpaka Septemba. Halford Mackinder, César Ollier na Joseph Brocherel, ambao walikuwa wa kwanza kujulikana kufika kilele cha Batian, chenye mita 5,199, walifika tarehe 13 Septemba 1899.

Tangu siku hizo barafu ya kudumu imepungua sana. Hata hivyo theluji mpya bado huanguka, na mtu asidhani kwamba mlima umekuwa mpole.

Hatari iliyo kubwa kuliko baridi ni uchache wa hewa. Kwenye kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, hewa aivutayo mtu ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, lakini hauzoei kwa siku moja. Apandaye upesi huumwa na kichwa, hutapika na kukosa usingizi. Akizidi kupanda, maji huweza kujaa katika mapafu yake, au ubongo wake ukavimba, naye akafa. Nguvu za ujana hazimkingi mtu na ugonjwa huu. Dawa iliyo ya hakika ni kushuka mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Kwa sababu hiyo yafaa kwenda polepole. Katika njia ya Naro Moru, kituo cha Met Station kiko mita 3,050, na Mackinder's Camp iko karibu mita 4,200. Tofauti hiyo ni kubwa kwa siku moja, na mwenye busara hupumzika siku nzima kabla ya kuendelea. Kwa kawaida wapandaji huondoka Mackinder's Camp saa nane au saa tisa za usiku, wakati changarawe na theluji zimeganda na mguu haudidimii, ili wafike Lenana jua linapochomoza. Mawingu huja baadaye mchana, na wakati huo yafaa wawe wamekwisha kushuka.

Mtu asipande peke yake, bali afuatane na kiongozi anayeijua njia. Achukue nguo za sufu, koti lisilopenya maji, glavu, na nguo nyingine kavu ndani ya mfuko usioingia maji, kwa maana nguo iliyolowa huondoa joto la mwili upesi. Miwani myeusi pia ni lazima. Theluji hurudisha mwanga wa jua kama kioo, na macho yasiyokingwa huweza kupofuka kwa muda.

Kwenye Lenana ndipo Kisoi Munyao alipotweka bendera ya Kenya huru mwezi wa Desemba, 1963. Wengi hutamani kusimama mahali hapo. Lakini anayeona dalili za ugonjwa au dhoruba, kisha akarudi, hakushindwa. Mlima utakuwapo mwakani, naye atakuwa hai kuupanda. Mwenda pole hajikwai.