Vidole vya vibarua na mashine za chakula Kariakoo

Maduka ya mashine ya Kariakoo na Gerezani hupanga bidhaa hadi barazani: mashine za kusagia nyama, kukunia nazi, kukamulia miwa, kukandia unga wa mkate. Mnunuzi huuliza mashine inakula umeme kiasi gani, inatoa kilo ngapi kwa saa na spea zake zinapatikana wapi. Anayeuliza kinga ya mkanda, au swichi ya kuizima kwa dharura, ni nadra. Kwa maoni yangu, ajali nyingi za mashine hizi huanzia hapo dukani, kabla hata kibarua hajapatikana.

Tazama mashine ya miwa. Muwa mzima unapopita kati ya roli mara ya kwanza, mkono uko mbali. Hatari inakuja mara ya pili na ya tatu, makapi yanapokunjwa pamoja na limao na tangawizi kisha kurudishwa. Kipande kimekuwa kifupi, kinateleza, roli zinavuta kwa nguvu ya mota, na vidole vimebakiza inchi chache kufika kwenye chuma. Mdomo mrefu wa bati unaopitisha muwa lakini si kiganja ungetosha kuzuia balaa. Kazi hiyo haimshindi fundi yeyote wa kuchomelea wa Gerezani.

Kwenye mashine ya nyama, kosa ni kusukuma kwa vidole badala ya kisukumio. Skrubu ikishanasa haiachii, na mara nyingine fundi mwenye spana huhitajika kabla ya daktari. Kwenye mashine ya kukandia unga, tatizo ni umeme kukatika. Mfanyakazi anaingiza mkono kutoa bonge lililokwama, swichi haijazimwa, umeme unarudi na mashine inaanza kuzunguka yenyewe. Kuna swichi zinazokataa kuwaka hadi mtu abonyeze upya, lakini mashine ndogo nyingi huja na swichi ya kawaida tu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, inataka sehemu za kazi zisajiliwe na sehemu hatari za mashine zifunikwe. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya usindikaji mdogo mjini hufanyika uani, nyuma ya duka, ambako mkaguzi hafiki kirahisi. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1963, unalenga mapema zaidi: unataka kuuza au kukodisha mashine isiyo na kinga kupigwe marufuku. Huko ndiko ningependa OSHA waanzie. Maduka yako barabarani, yanaonekana, na ni machache kuliko nyua zote za Ilala.

Kuhusu fidia, hali imebadilika sana kisheria. Chini ya sheria ya zamani, malipo ya ulemavu hayakuzidi shilingi 108,000. Tangu 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaogharimia matibabu na kulipa pensheni ya kila mwezi pale ulemavu wa kudumu unapozidi asilimia 30. Mwajiri binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa anayelipwa 300,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,500, bei ya sahani ya chakula cha mchana. Hata hivyo vibarua wa kulipwa jioni kwa jioni huachwa nje ya orodha, na wakikatika vidole huambulia nauli ya kwenda taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na hela ya pole. Kesho yake amesimama mwingine kwenye mashine ile ile. Huo ni wizi, na wenye biashara wanajua.

Wewe unayefanya kazi kwenye mashine hizi, ukiumia mjulishe mwajiri mara moja, tunza karatasi zote za hospitali, na upeleke dai lako WCF kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali.